Mwovu wa Jumamosi

Bi Asmahani wa Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani, hakusoma zaidi ya darasa la saba, lakini filamu alizozitazama hazina idadi, na ukimbishia juu ya filamu utajuta. Alianza akiwa na miaka tisa, kashikwa mkono na mamake kwenda senema Jumapili alasiri, kwenye onyesho la wanawake, enzi zile mabuibui ya mji mzima yalipokwenda kulia pamoja na kurudi nyumbani macho mekundu. Kihindi hakukijua wala hakufundishwa. Alijifunza kusoma nyuso. Hata sasa, na miaka sitini na sita, atamwona mtu anaingia mlangoni kwenye filamu aseme, "Huyu atakufa," na mtu atakufa kweli.

Maoni yake hakuyaficha. Filamu za Kihindi za siku hizi alisema zina misuli mingi na machozi kidogo. Tamthilia za Kituruki alizipendea mavazi, ila alilalamika kwamba watu wa kule hawamalizi jambo. Mtu anaulizwa swali Jumatatu, anajibu Alhamisi. Za kwetu wenyewe alizionea huruma: "Gari linapaki dakika tano, mtoto anakufa dakika moja." Na zile klipu za kwenye simu, ambazo mjukuu wake Najat alizikodolea macho kutwa nzima, hakuziita filamu hata kidogo. "Mwanzo hazina, mwisho hazina," alisema. "Utajuaje nani kamkosea nani?" Alisema kweli, masikini, na kweli hiyo haikumsaidia kitu.

Kila Jumamosi baada ya sala ya alasiri wanawake saba wanane wa mtaani walikusanyika uani kwake, huyu na ukili wake wa kusuka, yule na sinia la mchele wa kuchagua, naye akawahadithia filamu aliyoitazama wiki ile. Televisheni wote walikuwa nazo. Lakini walisema filamu ikipita kinywani mwa Asmahani hutoka tamu kuliko ilivyoingia. Tabu ilikuwa majina. Majina ya Kihindi hakuyashika, na hata angeyashika yeye, wenziwe wasingeyashika. Basi tangu zamani aliwagawia watu wa kwenye filamu majina ya waliokaa mkekani. Bi Nasra alikuwa mama mkwe. Jumana, kwa wembamba wake, aliendelea kuwa bibi harusi hata alipopindukia hamsini. Na mwovu, siku zote, alikuwa Fakhria.

Hilo lilikuwa na sababu yake. Uovu humpi mtu wa kando, atakununia mwezi mzima. Unampa yule ambaye hata ukimtukana atakucheka, na kwa Asmahani mtu huyo alikuwa mmoja tu, shoga yake wa miaka arobaini, waliyesukana nywele na kuzikiana wazazi. Fakhria alikuwa mtoto wa Kiarabu wa Pangani, mnene, mcheshi, na cheko lake lilisikika nyumba ya tatu. Uovu wake aliupenda. Akipewa mtu mmoja tu wa kuua alilalamika.

"Leo umeninyima, shoga. Juma zima nimengoja, unanipa kijitu kimoja?"

Najat, msichana wa miaka kumi na tisa, alikuwa na mazoea ya kumrekodi bibi yake siku hizo za Jumamosi. Mwaka huu alirusha klipu moja mtandaoni, Bi Asmahani akieleza kwa nini risasi za filamu za Kihindi humkwepa shujaa zikampata mdogo wake. Watu wakaipenda. Wakampachika jina, Bibi Senema, na wakaomba nyingine. Bi Asmahani mwenyewe alijidai hajali, lakini siku mbili zile alivaa kanga mpya kwenda gengeni.

Najat akarusha na nyingine, na nyingine, hata zikamwishia. Akaanza kufukua za zamani. Ndipo alipoikuta ile ya miaka mitatu nyuma, akaichagua kwa sababu bibi alikuwa kachangamka vizuri, na mwishoni linasikika lile cheko la Bi Fakhria. Akaikata ibaki dakika moja, kama watakavyo watu wa mtandaoni. Maneno ya mwanzo, "Leo mwovu tumpe Fakhria," yakabaki nje.

Kilichobaki kilikuwa hiki, kwa sauti ya Bi Asmahani, mikono ikipepea: "Basi Fakhria kaona huyu mume hafi leo wala kesho, na nyumba anaitaka. Kamchemshia maziwa. Katia hiliki, katia na yale mambo yake. Kamwambia, kunywa, bwana, ulale. Bwana kanywa. Kulipokucha, Fakhria kapiga yowe mpaka majirani wakamwonea huruma." Halafu cheko.

Mzee Yaqoub, mume wa Fakhria, alikuwa amefariki miezi mitano tu nyuma. Alianguka alfajiri akitia udhu, na hospitali wakasema ni moyo. Fakhria alikuwa ametoka eda juzijuzi. Najat msiba aliujua, pilau ya hitma aliila, lakini kichwani mwake mambo hayo mawili hayakukutana. Kwake yeye, Fakhria wa kwenye filamu na Bi Fakhria wa nyumba ya pili walikuwa watu wawili tangu azaliwe. Hakupata kufikiri kwamba wako watu duniani wasiojua hivyo.

Siku ya tatu ukurasa mmoja wa umbea, ambao hata mwenyewe hajulikani, uliichukua klipu na kuandika juu yake: Bibi wa Tanga afichua siri ya shoga yake. Watu wakamiminika. Mwanzoni wengi walicheka tu. Kisha mtu mmoja, wa Ngamiani humu humu, akaandika kwamba mama huyo anamjua na mumewe kweli kafa. Hapo ikawa basi. Hakuna aliyeuliza klipu ni ya lini. "Lisemwalo lipo," waliandika, mmoja chini ya mwenzake, "kama halipo laja." Na waliojifanya wana akili zaidi wakawaambia wenzao wasikilize vizuri pale mwishoni, wasikie muuaji anavyocheka.

Bi Asmahani alijua Jumamosi, Fakhria alipokosekana mkekani. Aliuliza kama anaumwa. Wanawake wakainamia kazi zao, na Jumana ndiye aliyejikaza akamwonyesha simu. Aliitazama mara moja, akasema, "Hii si ndiyo ile filamu ya mwenye jumba na mke wa pili?" Wakamjibu ndiyo. Akawatazama mmoja mmoja, kwa sababu wote walikuwepo siku ile, wote walicheka. "Sasa si mseme?" Walikuwa wamesema. Jumana aliandika mwenyewe kwamba ni hadithi, akajibiwa na watu wa Mwanza na Mombasa kwamba naye kapewa chake.

Najat alifuta klipu huku analia. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Yeye alifuta moja, na zilizobaki kwa watu hakuna aliyezijua hesabu. Bi Asmahani hakumgombeza. Alimwambia, "Nirekodi, mwanangu, nizungumze nao." Aliamini bado kwamba ukimweleza mtu filamu kwa utaratibu ataelewa, maana hiyo ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote na haikumshinda siku moja. Akakaa juu ya kigoda, akajitanda vizuri, akaeleza: ile ni filamu ya Kihindi, majina tunapeana sisi kwa sisi, Fakhria ni mtu wa heshima, Mzee Yaqoub kafa kwa amri ya Mungu. Alipofika hapo kwenye heshima, machozi yakamtoka. Akasema, "Nimechoka mie, jamani. Muacheni."

Hiyo ndiyo ilienda kuliko zote. Nusu ya watu wakasema bibi katishwa, tazama anavyotetemeka. Nusu nyingine wakaukata uso wake unaolia wakaufanya stika, chini yake wakaandika "Nimechoka mie", wakawa wanatumiana umeme ukikatika na timu yao ikifungwa. Alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, Bwana Laurenti, mtu mwema, akamkaribisha kiti na kumsikiliza mpaka mwisho.

"Pole sana, bibi yangu. Sasa huyo aliyeisambaza tumkamate wapi?"

"Wewe ndiye kiongozi. Mimi nitajuaje?"

"Ndiyo hivyo, bibi. Hata mimi sijui."

Simu ya mwenyekiti ikalia mezani, akaifunika kwa kiganja upesi, lakini Bi Asmahani alikuwa ameshauona uso wake mwenyewe unalia kwenye ile stika. Akaaga kwa adabu akatoka. Hasira hakuwa nayo tena. Ungemkasirikia nani, na ungeanzia wapi?

Na lau mambo yangeishia kwenye cheko na stika, pengine yangepoa. Lakini palikuwa na nyumba. Fakhria na Yaqoub hawakujaliwa mtoto, na nduguze Yaqoub wa Pangani walikuwa wamekubaliana, mbele ya sheikh na mashahidi, kwamba mjane akae nyumba ile mpaka Mungu atakapomchukua. Sasa mkubwa wao, Mohsin, akaja Tanga. Bi Asmahani alimvizia barazani kabla hajaingia.

"Shemeji Mohsin, wewe umetujua sisi tangu ujana. Unajua ile ni hadithi."

"Najua, Bi Asmahani. Wallahi najua." Alikuwa anatazama viatu vyake. "Lakini wanangu wanaulizwa shuleni, wanaulizwa kazini, kwamba mmemwacha humo humo nyumbani mwa marehemu? Sisi tufanyeje?"

"Mseme si kweli."

"Tumesema." Akainua macho. "Na kaka alikuwa mzima, Bi Asmahani. Kaka alikuwa mzima kabisa."

Hakuna aliyemfukuza Fakhria. Waarabu wa Pangani wana ustaarabu wao. Walimwambia apumzike kwa ndugu yake Pongwe, mambo yatulie kwanza, na nyumba wataifunga isije ikaharibika. Kila mtu alijua kufunga maana yake nini. Fakhria alisema haya. Sokoni alikwisha acha kwenda, tangu siku muuza nazi alipomwekea chenji chini asije akamgusa mkono.

Siku ya kuondoka Bi Asmahani alikwenda kumsaidia kukunja nguo. Chumba kilinukia udi, na kitanda kilikuwa kimeshafunguliwa. Fakhria alikuwa kapungua. Walikunja kanga, wakakunja mashuka, wakazungumza juu ya shuka lipi ndilo kubwa kuliko yote. Bi Asmahani alitaka kuomba radhi na hakuona pa kuanzia, kwa maana kila alichokisema miezi ile kiligeuka kitu kingine kikishatoka mdomoni.

"Usijilaumu, shoga," Fakhria akasema mwenyewe. "Na mtoto yule msimlaumu. Mimi nilikuwepo. Nimejisikia nacheka."

"Watasahau. Watapata mwingine."

"Watapata." Akalaza kanga juu ya mapaja, akaipapasa mikunjo. "Nikuulize neno?"

"Niulize."

"Wewe, Asmahani. Hata siku moja, hata kidogo, hukunidhania?"

Juma moja kabla ya siku ile, saa sita mchana, Bi Asmahani alikuwa peke yake na simu ya Najat. Alikuwa anaitazama klipu, mara ya ishirini au thelathini, akitafuta kile ambacho watu wote wale walikiona na yeye hakioni. Alijisikiliza. Akaona anahadithia vizuri. Na pale pale akakumbuka kwamba Yaqoub alikuwa mtu wa maziwa ya hiliki kila akitaka kulala, na kwamba asubuhi ile yowe la Fakhria alilisikia akiwa jikoni kwake, na lilimtoa machozi kabla hajajua kuna nini. Akakaa na mawazo hayo. Ilikuwa dakika moja tu, urefu wa klipu yenyewe. Kisha akasema astaghfirullah, akaiweka simu chini ya mto na kuukalia, na tangu siku ile usingizi wake haukuwa usingizi.

Sasa Fakhria alikuwa anamtazama, na kati yao palikuwa na rundo la nguo.

"La," Bi Asmahani akasema. "Wallahi la, shoga yangu."

Jibu lilikuwa ndilo, ila lilichelewa. Mtu aliyekaa mkekani kwa Asmahani miaka arobaini alijua kwamba mwanamke yule hafikiri kwanza ndipo aseme. Fakhria aliikunja kanga mara mbili, akaiweka juu ya nyingine, akavuta zipu ya begi mpaka mwisho. Bi Asmahani alikuwa ameapa uongo kwa mara ya kwanza maishani mwake, na aliyeapiwa alijua.

"Haya," Fakhria akasema, akiinuka. "Nishikie upande huo, ni zito."

Wakalinyanyua begi pamoja, wakalipeleka mlangoni.