Khitma ya Hewani na Chungu cha Misheni

Leo hapa kijijini Hewani watu wamekimbia khitma na supu ingali mdomoni.

Bi Hadija alikuwa akimkhitimia marehemu mumewe. Alisema tule kwanza, kisha tusome Kurani.

Mafuriko yalikuwa yamelowesha kuni zote, kwa hiyo aliazima misheni kile chungu cha chuma chenye kifuniko cha kukaza kwa skrubu, kinachozuia mvuke na kuivisha kwa kuni chache. Akakisugua kwa mchanga na majivu. Njegere kavu zilizopasuliwa zikaiva upesi, supu nzito.

Watu waliongeza. (Na mimi.)

Ndipo Yona, mpishi wa misheni, akaja kukichukua.

"Mmepika bila paja la nguruwe? Sisi hatupiki njegere humo bila hilo!"

Alisema kwa furaha, maskini.

Omari, ndugu wa marehemu, akatema.

"Shemeji, umetulisha haramu! Umekosa chungu kwa Waislamu?"

Bi Hadija hakulia.

"Nilianza kwako, shemeji. Ukasema chenu kimepasuka. Na kile mkeo anachochemshia maziwa jioni ni cha nani?"

Omari akatafuta viatu vyake. Wengine wakamfuata.

Marehemu hajasomewa hata herufi moja.

Nyinyi mngebaki?