Baridi ya Mobeni

Binti yangu ameniletea fomu ya shule, rafiki yangu, na tangu jana hadi leo asubuhi ilikaa mezani bila sahihi. Wanakwenda kupanda milima ya Drakensberg, na theluji ya mwaka huu ilikuwa nyingi, kule juu bado haijaisha. Naogopa. Nimemtafutia buti, soksi za sufu na koti, nimevipanga kitandani, na kila nikivitazama naogopa zaidi.

Nilikuwa na umri kama wake fomu ya namna hiyo ilipoingia kwetu Glenwood. Mama alikataa katakata. Alikuwa amevuka milima kwa miguu walipokimbia Kongo, na hakutaka kusikia habari za mlima ndani ya nyumba. Baba alifanya kazi Mobeni, kwenye ghala la samaki wa barafu. Akasema atanipima: nikistahimili baridi ya kazini kwake bila kulia, sahihi atatia yeye.

Jumamosi msimamizi wake alituruhusu. Baba alinivalisha koti lake la kazi, likanifika vifundoni, na glavu zilizonuka samaki. Mlango ulipojifunga nyuma yetu, pua ikaniwasha, kope zikawa nzito, na muungurumo wa mashine ukanijaa kifuani. Sijui zilipita dakika ngapi. Nilimwacha Baba, nikakimbilia nilikodhani kuna mlango, nikakuta ukuta wa makatoni. Nililia, rafiki yangu, machozi na makamasi.

Baba hakukimbia. Alikuja polepole, akanishika bega.

"Mama," aliniita hivyo kila aliponibembeleza, "mi naogopa kila siku nikiingia humu. Ndiyo maana kwanza naangalia mlango iko wapi."

Akanigeuza. Mlango ulikuwa nyuma yangu, hatua chache tu.

Nyumbani Mama aliuliza kama nililia. Baba, mtu wa kanisa asiyejua kudanganya, alimega bugali bila kuinua macho, akasema hapana. Kisha akaomba kalamu. Mlimani nilikwenda, nikarudi, na mengi ya kule nimeyasahau. Baridi ya Mobeni sijaisahau.

Baba hayupo tena. Ghala lake siku hizi ni duka la samani. Palipokuwa na ule mlango mzito pana vioo na makochi. Sina pa kumpimia mwanangu. Glavu ninazo. Asubuhi nimezitia kwenye begi lake, nikazitoa, nikazinusa. Harufu ya samaki imekwisha.

Binti yangu alinikuta nazo usoni.

"Eish, Mama, unaogopa?"

Nikamwambia ndiyo, sana. Nikamwambia akifika juu, kabla ya kutazama kitu kingine chochote, ageuke aangalie njia ya kurudi. Akasema sharp, yaani sawa, akanipa kalamu. Nikatia sahihi, ikaenda upande.