Jiko Lililopasuka Kabla ya Idi

Wiki iliyopita jirani yangu hapa Kabeza, Kigali, aliishiwa gesi, akawasha mkaa barazani. Moshi ukaingia kwangu dirishani, na mimi, badala ya kulifunga, nikasimama nikinusa kama mtu asiye na kazi. Kwa mawazo, rafiki yangu, nilikuwa nimerudi mtaa wa utoto wangu, Biryogo, miaka ya themanini mwanzoni, mama akishona barazani na bibi akikohoa jikoni.

Bibi alipikia jiko la chuma, wazi pande zote, lililokula mkaa kuliko sisi tulivyokula maharage. Watu wazima walilalamika kwamba magunia yanatoka mbali zaidi kila mwaka, na vilima vinabaki vipara. Habari za hewa ukaa hatukuzijua. Tulichojua ni kwamba macho ya bibi yalikuwa mekundu daima, na kifua chake kilikoroma hata akiwa ametulia. Muuguzi akamwambia mama: ama moshi upungue, ama mzee atoke jikoni. Mama akaamua atoke.

Bibi hakugombana. Alisema tu, "Nikikaa sebuleni nitakuwa mgeni kwa nyumba yangu." Siku hiyo alikula kidogo sana. Nilimhurumia mpaka nikamkasirikia mama.

Sasa, fundi bati mmoja wa Gikondo, aliyeshonewa suruali zake na mama, alikuwa ameanza kutengeneza majiko mapya: bati nje, udongo uliochomwa ndani, mlango mdogo chini wa kupitisha hewa. Watu waliyaita rondereza, yaani tumia kwa uangalifu kwa Kinyarwanda. Akatuletea moja. Mama akakubali bibi alitumie kwa majaribio hadi Idi. Moshi usipopungua, basi tena.

Bibi alilizunguka akilikagua. "Hii jiko iko na mdomo kadogo. Maharage itaiva lini?"

Yaliiva kabla ya adhuhuri, kwa mkaa kidogo tu, na nikamwona akificha tabasamu. Kisha akafanya kile ambacho kila mwanamke wa mtaa wetu alikifanya baada ya kupika: alichota maji akayanyunyizia makaa, ili yabaki ya jioni. Udongo ukalia pa! Ukapasuka toka juu hadi chini.

Bibi alikaa kwenye kigoda, bakuli mkononi, na usoni mwake nikaona kwamba ameshajihamishia sebuleni. Nililia mimi badala yake.

Fundi alipokuja hakucheka. Alikanda udongo na majivu, akaziba ufa. "Bibi, maji hapana. Funga mlango, funika juu. Moto itakufa yenyewe, na makaa itabaki."

"Kumbe miaka yote nilikuwa nakosea?"

"Hapana. Ile ilikuwa chuma. Hii iko udongo."

Basi hapo mtaa ukapata askari. Kila jirani aliyenunua jiko kama lile alitembelewa na bibi, akanyang'anywa bakuli la maji kabla hajasalimiwa vizuri. Wengine walinuna, lakini majiko yao yalidumu.

Kikohozi hakikuisha chote, ila kililegea. Asubuhi ya Idi, pilau ikiwa motoni, tukasikia sauti nyembamba kutoka jikoni. Bibi alikuwa akiimba. Sikuwahi kujua kwamba huimba. Mama aliacha cherehani. "Mara ya mwisho nilisikia hivyo nikiwa mtoto," akasema, kisha akaingia jikoni na gauni lake jipya, akakaa chini kando ya mama yake. Neno la sebuleni halikutajwa tena.

Nyumba ile imebomolewa, na bibi tulimzika zamani. Siku hizi redio inazungumzia hewa ukaa na majiko ya umeme, na wapo wanaobadilisha stesheni, wakiona hayo ni ya wataalamu. Mimi naongeza sauti. Najua moshi ukipungua kuna mtu mahali fulani anayerudishiwa pumzi yake. Bibi yangu aliitumia ya kwake kuimba.