Kusugua Pikapu ya Baba

Kaka yangu mkubwa hakumzika baba. Alikuwa Nyuzilandi, akisubiri karatasi zake za ukaazi, na aliambiwa kwamba akitoka kabla hazijakamilika asitegemee kurudi. Aliyatazama mazishi kwenye simu niliyoishika mimi, nimesimama juani mpaka mkono ukaingia ganzi. Baada ya matanga kwisha na karatasi kupatikana, alipiga kusema anataka kitu kimoja tu cha mzee. Anataka pikapu.

Nyumbani wote walikubali kwamba ni haki yake, yeye ndiye kifungua mimba. Hakuna aliyeuliza nani ataisafisha.

Maana kule hawapokei gari chafu. Wakala wa kusafirisha magari, mwenye ofisi Homa Bay, alinieleza kwa simu: udongo hapana, mbegu hapana, mdudu hapana, jani hapana, hata likiwa limekauka. Wakikuta uchafu wasioweza kuutoa, gari linarudishwa lilikotoka au linapondwa.

"Madam, hao watu wanaogopa wadudu wetu kushinda vile sisi tunaogopa simba," alisema. "Wanaangalia na tochi."

Nilicheka. Nilikuwa bado sijaifungua milango.

Pikapu ile ilibeba omena, dagaa wa ziwani, kutoka Sori hadi Suna utoto wangu wote, na ikishusha omena ilipanda Kegonga kuleta mahindi. Macho ya baba yalipoanza kufifia, mimi ndiye niliyekuwa dereva wake. Niliacha cherehani yangu sokoni nikashika usukani, naye akakaa kando yangu akinielekeza kana kwamba barabara anaiona yeye. "Kata kushoto, kuna shimo," angesema, na shimo kweli lilikuwapo, kwa kuwa halikuwahi kuzibwa. Alinikataza kabisa kumwambia kaka. "Atadhani nimekwisha," alisema. Sikumwambia. Kwa kaka, mzee aliendesha mwenyewe mpaka wiki aliyolazwa hospitali.

Nilianza kazi na mswaki wa zamani na ndoo ya sabuni. Chini ya zulia la mpira nilikuta punje za mahindi, nyingine zimeshaota vichipukizi vyeupe. Kwenye mishono ya viti kulikuwa na kishona nguo, zile mbegu nyeusi zinazong'ang'ania sketi, na kila niliyoing'oa ilihamia kwenye mkono wa sweta yangu. Ndani ya fremu ya mlango nyigu walikuwa wamejenga nyumba za matope. Kwenye rejeta kulikuwa na vipepeo na wadudu wa ziwani wamebanwa safu kwa safu. Na omena! Omena walikuwa kila mahali, wakavu, wembamba, kwenye kila ufa wa bodi. Nikidhani nimemaliza, nikigonga bati kwa nyundo wanamwagika wengine. Mgongo uliniuma, nikamchukia kaka, nikajikaza, nikaendelea.

Usukani niliuacha mwisho. Ni wa plastiki ngumu, una vijinundu vya kushikia vidole. Baba alikuwa akiushika juu kabisa kwa mikono miwili, kama watu wa zamani walivyofundishwa. Mimi huushika chini, upande wa kulia, kwa mkono mmoja, mwingine uwe kwenye gia. Huko juu vijinundu vilikuwa vimebaki vilevile, maana baba hakuwa mtu wa kukaza mkono. Pale chini kulia vilikuwa vimelika, plastiki imekuwa laini kabisa. Kwenye barabara ya Sori ukilegeza mkono unajikuta mtaroni. Niliupaka sabuni, nikaupangusa.

Kisha nikafanya kosa ambalo kila mtu wa kwetu angelifanya. Tulipofika Homa Bay, mimi na mama aliyesisitiza kuja kuiaga pikapu, nilijiambia kwamba gari likitaka kung'aa kweli huingizwa ziwani. Ndivyo tulivyoosha tangu zamani. Nikalishusha ufukweni mpaka maji yakafika kwenye ekseli, vijana wa pale wakalipiga brashi juu na chini, likatoka linameremeta. Mama alipiga makofi. Nikalipeleka gereji kwa fundi aliyependekezwa na wakala, kichwa juu.

Fundi alilipandisha juu, akaingia chini yake, akakaa huko muda mrefu. Alipotoka alikuwa na mizizi ya gugu maji mkononi, bado inadondosha maji, na konokono wawili wadogo wamejishikiza.

"Madam, hii gari ni kama imetoka kuvua," alisema.

Wafanyakazi wake walicheka sana. Mimi nilikaa juu ya tairi kuukuu nikalia, bila aibu, mbele za watu nisiowajua. Nilikuwa nimechoka mpaka mifupa. Fundi aliona haya, akaniletea chai, akasema pole madam, tutaanza upya na maji ya mfereji.

Tulianza upya. Yeye alichukua chini na mashine ya maji ya nguvu, mimi nikachukua ndani. Jua lilipoanza kushuka wakala akapiga simu kusema yuko njiani kuja kulikagua, kisha litapanda lori, litafunikwa turubai na kwenda Mombasa. Niliinua kiti cha abiria kuangalia mara ya mwisho. Palikuwa na kitu ambacho asubuhi hakikuwapo: pembe ya leso imefungwa fundo.

Sikuhitaji kulifungua ili kujua. Ule wekundu uliopenya kwenye kitambaa ulikuwa wa udongo wa kaburi la baba.

"Mama," nilisema.

Alikuwa amekaa kwenye benchi la gereji, mkoba magotini. Hakujificha.

"Kila mtu alimmwagia baba yenu udongo," alisema. "Majirani, watu wa kanisa, hata wale waliokuja kula tu. Ni mtoto wake wa kwanza peke yake aliyebaki. Atamwagia huko huko aliko."

"Wakiupata watalikataa gari."

"Udongo mdogo hivi?"

"Hata mdogo hivi, Mama."

"Kwani wao huzika watu wao na nini?"

Nilimpa lile fundo, akakataa kulipokea, nikalitia ndani ya mkoba wangu. Chembe chache za udongo zilikuwa zimemwagika sakafuni. Nikaomba mashine ya kunyonya vumbi, nikazinyonya zote, mama akiniangalia. Katika kazi yote ile, hapo ndipo mkono wangu ulipokuwa mzito zaidi. Wakala alikuja na tochi yake, akapekua, akaridhika. Lori lilipoondoka mama alipunga mkono. Tuliporudi nyumbani Migori hakunisemesha njia nzima.

Udongo niliurudisha kaburini mwenyewe. Niliumwaga, nikasema huu ni wa kaka mkubwa. Mama alikuwa amesimama mlangoni, akaona, akaingia ndani kuteleka uji. Jioni alinipa kikombe cha kwanza, nikajua amenisamehe.

Miezi ilipita. Kaka alipiga asubuhi moja, kwao ikiwa jioni. Nilimsikia akifunga mlango wa pikapu. Ule mlio naujua hata usingizini.

"Wamemaliza kuikagua leo, wameniachia," alisema. "Hawakupata kitu, Sista. Hata kimoja. Ofisa anasema hajaona gari ya umri huu safi hivi."

"Vizuri."

Kisha akasema, sauti imebadilika, "Lakini haina mzee. Nimeinusa kila mahali. Inanuka sabuni tu."

Hasira zilinipanda. Niliukumbuka mswaki, nyigu, fundo la leso, mama kwenye benchi. Nilitaka kumwambia aje avue viatu aanze kusugua yeye. Kabla sijafungua mdomo nikamsikia analia, mtu mzima mwenye mvi, amekaa peke yake ndani ya gari lisilo na harufu.

"Ngoja," alisema baadaye. "Ngoja kidogo. Hapa kwa usukani, chini, upande wa kulia. Pamelika. Pamekuwa laini kabisa."

"Ndiyo."

"Ni mkono wake. Alishika hapa miaka yote hii. Nimeweka wangu, na unaingia sawasawa."

Niliutazama mkono wangu wa kulia uliokuwa umeshika simu.

"Shika hapo hapo," nilimwambia.