Kofia Nyekundu ya Shemeji

Vidonge vya kifua kikuu viliniponya mapafu, sikatai. Lakini kimojawapo kilinila macho, na mimi nikanyamaza kama mpumbavu. Nesi wa kliniki alishanionya: ukiona rangi zinafifia, rudi hapa mbio. Zikafifia. Sikurudi. Shemeji, mume wa dada yangu, ndiye aliyenitoa Tanga akanipa kazi kwenye spaza yake, kiduka cha mabati huko Soweto. Nani amweke kipofu dukani? Angenipandisha basi la kwanza la kurudi kwetu.

Basi nikawa najifanya mzima. Ukisimama mbele yangu nilikuona masikio tu, katikati ukungu. Nyekundu yote iligeuka majivu. Wateja niliwajua kwa sauti, na shemeji kwa kofia yake nyekundu, mpaka nayo ikafa.

Siku wenyeji walipokuja kuvunja maduka ya wageni ilikuwa saa tisa mchana. Shemeji alikuwa ametoka kutafuta pikapu ya kuhamishia mali. Walianza kwa jirani yetu Mhabeshi. Nikasikia mabati yake yanang'olewa, halafu nikamsikia mwenyewe akilia. Nikajifungia, nikashika nondo. Mawe yakamiminika juu ya paa. Mtu akapiga kelele kwamba tutoke tufe. Wallahi sijawahi kupandwa na hasira kama ile. Nilitaka kuua. Nasema wazi, nilitaka.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Mtu mrefu, hana uso, kichwani kitu cha kijivu. Alikuwa anasema neno, lakini kwa kishindo kile cha mabati nani angesikia? Nikamtandika nondo ya uso. Taya lilivunjika, nililisikia mkononi mwangu. Akapiga magoti. Nikampa nyingine ya bega, nikamkanyaga, nikamtukania mama yake. Kitu kikaanguka sakafuni kikalia. Funguo za duka. Eish! Mwizi gani anaingia kwa ufunguo?

Nikamburuta hadi kwenye pikapu aliyokuja nayo, imesimama mlango wa nyuma, kazirai, damu imejaa mapajani mwangu. Dereva akawalaani wale wavunja maduka, wanyama wakubwa. Nikawalaani pamoja naye.

Hospitali walimfunga taya kwa waya. Siku ya nne akaomba kalamu kwa ishara, akaandika, akanipa karatasi. Nikaisogeza mpaka puani. Hakuna kitu.

"Siioni, shemeji," nikasema. Ndiyo mara yangu ya kwanza kukiri. "Ni vile vidonge. Macho yamekwisha."

Akanikodolea, nadhani. Nesi mmoja Mzulu alikuwa anapita, akaichukua ile karatasi anisaidie. Akaisoma neno kwa neno, sawasawa kabisa, wala hajui anasema nini: "Nakumbuka pikapu tu. Nani alinipiga? Ulimwona?"

"Sikumwona," nikajibu.

Shemeji akanishika mkono, uleule wa nondo, akaupapasa taratibu kunipa pole. Nilitamani anitemee mate.

Hakunirudisha Tanga. Alipotoka tu alinikokota mwenyewe hadi kliniki, wakaniachisha kile kidonge, na miezi ilivyopita rangi zikaanza kurudi. Ile kofia naiona sasa. Ni nyekundu, na pembeni ina doa jeusi ambalo sabuni imeshindwa kulitoa. Anaivaa mpaka leo, tunakula sahani moja, na bado sijamwambia.