Mteja wa Walungu

Mteja wa Walungu ni mimi. Naliandika hilo mwanzoni kabisa ili nisipate nafasi ya kugeuka, maana kwa miaka sita nimelikana. Nililikana mbele ya wenzangu wa chuoni, nikalikana kwa dada yangu, na siku moja nikalikana kabla hata sijaulizwa. Wiki iliyopita muuza termosi wa mtaa wa Nyawera alifariki, na yeyote aliyewahi kufungua blogu yake anajua kwa nini kifo hicho kinanilazimisha kusema. Kwa wengine, naeleza.

Marehemu aliuza termosi za chai, masufuria na taa za sola, kama baba yake na babu yake, watu wa biashara waliofika huku kutoka pwani wakabaki. Alipoanzisha blogu alitaka tu kutangaza kwamba mzigo umefika. Lakini kila alipoanza na mzigo alimaliza na goti lake linalouma. Aliandika juu ya mama mkwe aliyekuja kwa siku tatu na sasa yuko mwaka wa nne, juu ya mvua iliyomfungia dukani pamoja na mteja asiyemtaka, juu ya wanaume wanavyonunua sufuria, wanaigonga kwa kidole na kutikisa kichwa kama madaktari. Chini kabisa, kama mtu aliyekumbuka kitu mlangoni, aliweka picha ya termosi. Watu walisoma habari za goti, wakacheka, wakaenda kununua termosi. Mimi niliyesomea fasihi chuo kikuu, ninayehangaika siku mbili na aya moja ya safu hii ya gazeti, nilimsoma kila asubuhi kwa wivu.

Ndipo nikajiita Mteja wa Walungu. Nilichagua Walungu, mji wa mbali kidogo, kwa sababu sina jamaa huko wa kunisuta. Kwenye sehemu ya maoni niliandika, kama mama wa nyumbani, kwamba termosi niliyonunua kwake haitunzi joto, kwamba nilimimina chai asubuhi na saa sita mchana ikawa baridi kama ziwa. Sikuwa nimenunua termosi yoyote. Alinijibu siku hiyohiyo: "Pole, Maman. Ulete hiyo termosi tuibadilishe. Na ukifika, unywe kwanza chai kwangu, usirudi safari na tumbo ya baridi." Mtu mzima angeishia hapo. Mimi niliandika kwamba hata sentensi zake hazitunzi joto. Akajibu kwamba sentensi hazina garanti, ila mpaka leo hakuna mteja aliyerudisha hata moja.

Tuliendelea hivyo, na watu wakaanza kuja kwenye blogu kwa ajili ya ugomvi wetu. Mwishowe aliweka meza mlangoni pa duka, anajaza termosi chai asubuhi, na jioni anawaonjesha wapita njia ili wawaamue yeye na yule mama. Siku moja nilipita hapo, akaninyooshea kikombe.

"Onja, Maman. Kuko mama moja wa Walungu ananitesa roho. Uniambie ukweli, iko moto ao hapana?"

"Iko moto, Papa."

"Sasa umuambie yeye."

Nilirudi nyumbani nikaandika kwamba nimesikia chai ya mlangoni ni vuguvugu.

Pale mtaani Ibanda kuna semina ambako vijana wanafundishwa kwamba blogu ya biashara ni kitu kimoja na blogu ya moyo ni kingine, achague mtu njia yake. Niliwahi kufundisha mojawapo, kwa picha ukutani na kijiti cha kuonyeshea. Marehemu hakuwahi kuchagua. Alimwambia mteja mahali panapomuuma, na mteja akaamini kwamba mtu wa namna hiyo hawezi kumdanganya kuhusu chupa. Mimi nina shahada, nina safu, nina jina linalochapishwa kila wiki, na siku niliyokuwa na jambo la kweli la kusema, yaani kwamba nina wivu, nilijificha nyuma ya mama wa kubuni mwenye chai baridi.

Siku ya mazishi, kabla jeneza halijainuliwa, kaka wa marehemu alishika kipaza sauti akauliza, kama wanavyouliza siku zote, nani ana dai kwa marehemu, ajitokeze au amsamehe. Nilikuwa uani kati ya wanawake, nikatazama mkeka. Binti yake mkubwa akasema, "Kuko ule mama wa Walungu." Hakuna aliyecheka. "Papa alituambia hata hospitali, ule mama hakuridhika hata siku moja. Lazima tumutafute." Mjane akaitikia kwa kichwa, na nikaona kwamba hatatulia mpaka msamaha huo uletwe.

Siku ya tatu nikasikia kwamba mume wa binti huyo amepanda pikipiki kwenda Walungu, boksi la termosi mpya mapajani, anauliza sokoni nani mwenye chai ya baridi. Nilivumilia hadi saa kumi, nikampigia binti simu kwa namba ya duka. Nikataja jina langu, nikamwambia wamrudishe mume wake, mtu wanayemtafuta ni mimi.

"Maman, usihangaike, tulishamupata," akasema. "Tulipata bane."

"Wanne?"

"Bamama bane, kila mumoja na termosi yake ya baridi. Tumebadilisha zote, na bote bamesamehe Papa. Wewe uko wa tano. Termosi yako iko wapi?"

Nikasema sina. Sikuwahi kununua.

"Sasa ulikuwa unalalamika juu ya nini?"

Nikamwambia. Kwamba baba yake aliandika vizuri kuliko mimi, na sikuweza kuvumilia. Nikamsikia anamweleza mama yake kando, na mama yake anauliza mara mbili kama ni kweli.

"Basi wewe hauna kitu ya kumusamehe Papa," akasema aliporudi. "Ni wewe njo wa kuomba musamaha."

Nikaomba, nimesimama jikoni, simu sikioni, kama mwanafunzi mbele ya mwalimu mkuu.

"Mama anasema imeisha. Lakini uiandike kwa gazeti, na jina yako. Na iwe fupi. Papa alikuwa anakusoma kila wiki. Alisema unaandika muzuri, ila unachelewa kufika."