Nimempandisha mzee wa watu mlima bure

Leo nimemkosea mzee ambaye hata hanijui.

Mimi ndiye fundi wa kompyuta kwenye hospitali moja ndogo hapa Voi. Simu zetu za mezani zinapita kwenye waya ule ule wa kompyuta. Nilipoziweka, nilifaa kuseti mtambo wa network ili sauti ipite kwanza, mafaili yangoje. Nikasema nitafanya kesho.

Hiyo kesho ina miezi sasa. Msiniulize mingapi.

Basi leo mchana nikawa naapload video za kwaya yetu kwa waya huo huo. Nzito kweli.

Mzee akapiga kutoka Mghange, kule milimani. Anataka kujua kama mkewe ameamka baada ya upasuaji. Mkawasi wa mapokezi akawa anamsikia vipande vipande.

"Mzee, network ya huko kwenu ni mbaya. Hebu panda juu kidogo."

Akapanda. Bado inakatika.

"Panda tena, baba."

Na mimi hapo kando na chai yangu, naitikia kwa kichwa. Eti ni milima hii inazuia network!

Mara ya tatu nikamsikia kwenye spika akihema. Ndio nikakumbuka zile video. Nikazikatiza mbio.

Sauti ikaja safi, utadhani yuko mlangoni.

"Mama ameamka," Mkawasi akamwambia. "Anakuulizia."

Mzee akacheka, pumzi bado haijarudi. "Asante, binti yangu. Kumbe ilikuwa nipande tu."

Mkawasi akanigeukia. "Unaona? Ni network ya huko."

Nikasema ndio.

Mtambo nimeuseti baadaye. Dakika kumi tu.

Nitukaneni hapa chini, nimekubali. Lakini tafadhali, msimtag Mkawasi.